Debe Sio Kilo: Namna ya Kugeuza Lita Kuwa Kilo kwa Mahindi, Mafuta, Mchanga, Zege na Nondo

Mbukwenyi wadau. Naandika hii nikiwa nimetoka Kongwa kwa mama mkubwa, na nilichokikuta huko ndo kimenifanya nikae chini niandike kwa urefu. Mama mkubwa alikuwa ameuza mahindi gunia kumi, yamepimwa hapo hapo uani kwake kwa ndoo, ndoo sita gunia moja, na kila ndoo inajazwa mpaka inafanya kichuguu juu afu ndo inamwagwa kwenye salfeti. Nikamuuliza, mama umeuza kilo ngapi? Akanijibu, "Mwanangu mimi nimeuza gunia kumi, kilo atazijua mwenye mizani huko Kibaigwa." Na kweli, mnunuzi kachukua kwa gunia anaenda kuuza kwa kilo kule sokoni Kibaigwa. Ndoo yenyewe ilikuwa bado ipo pale imefunikwa juu ya kichanja, nikaomba mizani ya kuning'iniza kwa jirani tukaipima mimi na yeye, namba zake nitaziweka hapa chini maana zinafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Lita, debe, ndoo, sado, karai, toroli, kyubiki mita, vyote hivyo vinapima nafasi, yaani kitu kinakaa sehemu kubwa kiasi gani. Kilo na tani zinapima uzito. Hivi ni vitu viwili tofauti na kinachoviunganisha ni namba moja tu inaitwa densiti, ambayo maana yake ni hii: lita moja ya hicho kitu ina kilo ngapi. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo densiti ya maji ni 1, na hapo ndo pa kuanzia kila kitu. Mafuta ya alizeti lita moja ni kilo 0.92. Asali lita moja ni kilo 1.4 na kidogo. Chuma lita moja (fikiria kipande cha chuma cha ukubwa wa pakiti ya maziwa ya lita) ni kilo 7.85.

Hesabu ni mbili tu, shika hizi:

Unataka kilo? Chukua lita zidisha kwa densiti.
Unataka lita? Chukua kilo gawanya kwa densiti.

Watu wengi wanachanganya wapi wazidishe wapi wagawanye, mimi nilikuwa nachanganya pia, dawa yake ni kujiuliza swali moja kabla hujashika kalkuleta: hiki kitu kikijaa ndoo ni chepesi au kizito kuliko ndoo hiyo hiyo ya maji? Kama ni chepesi, namba ya kilo lazima itoke ndogo kuliko namba ya lita. Kama ni kizito, kilo lazima ziwe nyingi kuliko lita. Jibu likija kinyume umegeuza, rudia. Na kitu kingine kizuri, namba ya kilo kwa lita ni ile ile ukisema tani kwa kyubiki mita, kwa sababu kyubiki mita moja ni lita 1,000 na tani moja ni kilo 1,000. Mchanga wa 1.55 ni kilo 1.55 kwa lita, ni tani 1.55 kwa kyubiki mita. Ukikuta mahali wameandika 920 au 1,550 au 7,850 hizo ni kilo kwa kyubiki mita, gawanya kwa 1,000 unarudi kwenye lita.

HATUA YA KWANZA, JUA CHOMBO CHAKO KINAINGIA NGAPI KWELI

Hapa ndo wengi tunapigwa. Ndoo imeandikwa lita 20, lakini hiyo 20 mara nyingi ni mpaka kwenye mstari, sio mpaka ukingoni. Sasa sokoni nani anaishia kwenye mstari? Watu wanajaza mpaka ukingo na zaidi.

Fanya hivi. Pima ndoo tupu ikiwa kavu, andika. Jaza maji mpaka pumzi ya mwisho pale ukingoni, pima tena, andika. Toa ya kwanza kwenye ya pili, kilo zinazobaki ndo lita za ndoo yako, maana maji ni kilo moja kwa lita. Ndoo ya mama mkubwa tupu ilikuwa kilo 0.9, ikiwa na maji kilo 22.4, kwa hiyo inaingia lita 21.5. Yaani tayari lita moja na nusu kila ndoo ambayo hakuna aliyekuwa anaihesabu, na hapo bado kichuguu hakijapandishwa.

Huna mizani? Tumia chupa za maji za lita moja na nusu, hesabu chupa ngapi zinaingia. Sio sahihi sana ila ni bora kuliko kubahatisha.

HATUA YA PILI, PIMA MZIGO WAKO MWENYEWE

Namba za densiti za mitandaoni zipo nyingi, na mimi nitakupa za kwangu huku chini, ila kwa nafaka na mchanga na unga nakuomba usiziamini kabla hujapima mzigo ulio mbele yako. Sababu ni hewa. Mahindi kwenye ndoo sio mahindi matupu, ni mahindi na hewa iliyokaa katikati ya punje. Ukitaka kuiona hiyo hewa kwa macho chukua ndoo ya kokoto kavu imejaa mpaka ukingoni, afu mimina maji taratibu kwa kikombe huku unahesabu. Utashangaa, kwenye ndoo ya lita 20 "iliyojaa" zinaingia kama lita 8 hivi za maji kabla hazijamwagika. Jiwe lenyewe tupu ni karibu 2.65, lakini ndoo ya kokoto inakuja kama 1.5 kwa sababu karibu asilimia 40 ya ile ndoo ni hewa. Kwa hiyo ukitikisa, ukishindilia, ukijaza kwa kumwaga toka juu au kwa kuchota taratibu, hewa inabadilika na kilo zinabadilika, ndoo ni ile ile.

Sasa mahindi ya mama mkubwa. Tulijaza ndoo bila kutikisa, tukapitisha fimbo iliyonyooka juu ya ukingo ili isibaki punje juu wala shimo, tukapima: kilo 16.6. Toa ndoo 0.9 inabaki 15.7. Gawanya kwa lita 21.5, unapata 0.73. Hiyo ndo densiti ya mahindi yake, na mahindi makavu mengi yanacheza humo humo kwenye 0.7 na kitu. Tukarudia lakini safari hii tukaipiga ndoo chini chini mara kadhaa huku tunaongezea, tukapitisha fimbo tena: mahindi peke yake kilo 16.4. Afu tukafanya kama alivyofanya yule mnunuzi, kichuguu mpaka punje zinaanza kuteleza zenyewe: kilo 18.0 kamili.

Zidisha kwa ndoo sita. Ndoo za kukatwa kwa fimbo zinatoa gunia la kilo 94. Ndoo za kichuguu zinatoa gunia la kilo 108. Tofauti kilo 14 kwa gunia, na yeye aliuza gunia kumi, hapo kilo 140 zimeondoka na hazipo kwenye maelewano yoyote. Mama mkubwa alikaa kimya muda mrefu sana, afu akasema, "Kwa hiyo nimeuza gunia kumi na moja na nusu." Alikuwa amepiga hesabu kichwani kabla yangu.

Hii ndo lumbesa, na watu wanadhani lumbesa ni lile gunia lenye kofia juu peke yake, kumbe lumbesa inaanzia kwenye ndoo. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo na Wakala wa Vipimo wanasema kila msimu, mazao yafungashwe yasizidi kilo 100 na yauzwe kwa mizani. Ushauri wangu kwa mkulima ni mmoja, usikubali kupanga bei ya gunia kabla hujajua gunia hilo ni kilo ngapi, na kama mizani haipo basi pima ndoo moja tu kama tulivyofanya afu kubalianeni ndoo zote zinakatwa kwa fimbo.

Kabla sijatoka kwenye mahindi, unyevu. Mahindi yakitoka shamba hayajakauka vizuri yanapima kilo nyingi lakini sehemu yake ni maji. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikauka mpaka 13 zinabaki kilo 94 na robo. Hakuna aliyeiba, maji yameondoka tu. Kwa hiyo ukinunua mwezi wa tano ukaweka ghalani ukaja kupima mwezi wa nane ukakuta zimepungua usianze kugombana na mlinzi.

HATUA YA TATU, TUMIA NAMBA

Hizi ninazoandika kwa nafaka na unga ni za kuanzia tu, za mzigo mkavu uliojazwa bila kushindiliwa. Mtama kama 0.74. Uwele unakaribia 0.8 kwa sababu punje zake ndogo zinabanana vizuri. Maharage 0.77 hivi, mchele 0.8 na kidogo. Sukari 0.85. Chumvi laini 1.2. Unga wa sembe unahama sana, kuanzia 0.55 ukiwa umetoka kuchekechwa mpaka 0.65 na zaidi ukikaa kwenye kiroba, ndo maana wanaooka mikate ya kuuza wanapima kwa mizani sio kwa kikombe.

Alizeti yenyewe, mbegu, ni nyepesi sana, niliyopima mimi ilikuja 0.41, ganda kubwa hewa nyingi. Ndoo ile ile ya lita 21.5 iliyobeba mahindi kilo 15.7 inabeba alizeti kilo 8.8 tu. Kwa hiyo ukimkodi mwenye Fuso kwa "gunia mia" mwambie ni gunia za nini, gunia mia za alizeti na gunia mia za mahindi ni mizigo miwili tofauti kabisa kwa gari hata kama kwa macho zinafanana.

Vimiminika vyenyewe ni rahisi kwa sababu havina hewa katikati. Mafuta ya alizeti 0.92. Dizeli 0.84 hivi, petroli 0.74 hivi, mafuta ya taa 0.8. Maziwa 1.03. Asali iliyoiva karibu 1.42.

Kwenye mafuta nina la kusema. Mwaka jana nilichukua dumu kumi za mafuta kwenye kiwanda kidogo kimoja barabara ya Singida, tumekubaliana bei ya dumu la lita 20. Kufika nyumbani nikaona dumu hazijafika pale zinapofikaga siku zote. Nikapima moja, kilo 18.4 ukitoa dumu ingetakiwa (20 mara 0.92), nikapata kilo 17.2. Gawanya 17.2 kwa 0.92 unapata lita 18.7. Nikapiga simu, yule kijana akaniambia "bosi mafuta yakipoa yananywea." Ni kweli mafuta yakipoa yanapungua ujazo, ila ukokotoe: kwa kila digrii moja yanapungua kama asilimia 0.07, hata yakipoa digrii 15 toka kwenye jua la mchana la Dodoma, dumu la lita 20 linapungua kama lita 0.2, glasi moja hivi. Sio lita moja na robo. Na kilo hazipungui kwa ubaridi hata gramu, ndo uzuri wa mizani, joto na baridi haviigusi. Nilimtumia picha ya mizani na hiyo hesabu, akanirudishia tofauti bila maneno mengi. Toka siku hiyo mafuta nanunua kwa kilo, nikitaka lita nagawanya mwenyewe.

Asali ni kinyume chake. Ndoo ya lita 20 za asali ni kilo 28 na zaidi. Ukienda Manyoni au Itigi kuchukua asali uliza kabisa, bei hii ni ya lita au ya kilo? Kwa sababu ukilipa bei ya lita ukapewa kilo 20 umepewa lita 14 tu. Na mizani inakusaidia kushtukia asali ya maji: pima chupa ya lita moja uliyoihakikisha kwa maji, asali nzuri inakuja kilo 1.4 na kidogo, ikija 1.35 au chini ya hapo ujue ina maji mengi. Ikifaulu hapo sio kwamba ndo safi, sukari ya kupika inaweza kufikishwa kwenye uzito huo huo, ila ikifeli imefeli.

MCHANGA, KOKOTO, SIMENTI

Toka serikali ihamie na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, Nzuguni, Ihumwa, Nala, Mtumba kote ni ujenzi, na mchanga unauzwa kwa tripu. Tripu sio kipimo. Chukua tepu kabla mzigo haujamwagwa, pima bodi kwa ndani: urefu, upana, na kina cha mchanga wenyewe (sio kimo cha bodi). Lori lililokuja kwangu lilikuwa mita 3.6 kwa 2.0, kina mita 0.6. Zidisha zote tatu, 4.32, hizo ni kyubiki mita. Mchanga mkavu 1.55, kwa hiyo 4.32 mara 1.55 ni tani 6.7. Dereva alikuwa anasema "tani saba", hakunidanganya sana, nikamlipa kwa amani.

Lakini mchanga una tabia moja ambayo inawaumiza watu masika na ningependa kila anayejenga aijue. Mchanga wenye unyevu kidogo unavimba. Sio punje zinavimba, ni kwamba maji kidogo yanazishika punje zisikae karibu, kwa hiyo mchanga ule ule unachukua nafasi kubwa zaidi, asilimia 20 mpaka 30 mchanga ukiwa mlaini. Ukilowa kabisa mpaka maji yanasimama unarudi kwenye ujazo wake wa kawaida. Kupima ni rahisi: chukua kopo la rangi lenye kuta zilizonyooka, weka mchanga wa unyevu mpaka sentimita 20, usishindilie. Utoe pembeni, weka maji nusu kopo, rudisha mchanga wote taratibu huku unakoroga kwa fimbo, uache utulie, pima tena. Wangu ulishuka mpaka 16.5. Ulikuwa umevimba sentimita 3.5, gawanya kwa 16.5, asilimia 21. Maana yake lori la kyubiki zile zile 4.32 likija na mchanga wa unyevu kama huu, ukizigawanya kwa 1.21 unabaki na 3.57 za mchanga wa kweli. Robo tatu ya kyubiki, kama toroli 12 hivi, ni hewa.

Na fundi akipima zege kwa karai bila kulijua hili anaweka mchanga pungufu. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ni kama lita 35 (simenti iliyolegea 1.44), kwa hiyo piga boksi la mbao, ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25, hilo ni lita 35 kamili. Mchanganyiko wa 1:2:4 ni mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Mchanga ukiwa umevimba asilimia 21 maboksi mawili yanakuwa 2.4. Fundi wangu aligoma mwanzoni, akasema yeye ana miaka mingi kwenye kazi, nikamwambia fundi mimi sibishani na mikono yako, tujaribu tu kwenye kopo. Alipoona mchanga umeshuka aliuchungulia kwa muda afu akamwita msaidizi wake naye aje aone.

Zege likishakauka ni 2.4. Slebu ya mita 4 kwa 3, unene sentimita 15, ni kyubiki 1.8, zidisha 2.4 ni tani 4.3. Hizo zote zinakaa juu ya mirunda siku ya kumwaga, hesabu mirunda yako ukiwa na hiyo namba kichwani.

NONDO

Hapa densiti inageuka kuwa tochi. Chuma ni 7.85 na haibadiliki, kwa hiyo uzito wa nondo unakuambia unene wake wa kweli. Kanuni fupi: milimita zidisha kwa milimita, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12: 144 gawanya 162 ni 0.889, urefu wa mita 12 ni kilo 10.7. Ya 10 ni kilo 7.4, ya 16 ni kilo 19. Niliuziwa "milimita 12" nikapima moja, kilo 9.1 kwa mita 12 zilizotimia. Rudi nyuma: 9.1 gawanya 12 ni 0.758, zidisha 162 ni 122.9, tafuta kipeuo cha pili, 11.1. Nilikuwa nimelipia kumi na mbili nikapewa kumi na moja, na mchoro wa injinia ulihesabiwa kwa kumi na mbili. Nilizirudisha zote. Usipime kwa rula maana nondo ina mbavu zinakudanganya, ipime kwa mizani, na pima urefu pia kwa sababu zipo zinazokatwa fupi.

TENKI

La mwisho ni la maji na ndo lenye hatari zaidi kuliko yote. Kwa shida ya maji tuliyonayo kila nyumba inapandisha tenki. Lita 5,000 ni tani 5, sawa na mifuko 100 ya simenti imepangwa juu ya mnara wako. Mwambie fundi kuchomea hiyo namba kabla hajakata chuma cha kwanza, usimwambie "tenki la kawaida". Na nyie mnaochota maji kwa kirikuu na lile tenki jeupe la kizimba, limeandikwa 1,000, likijaa hiyo ni tani nzima nyuma ya kigari ambacho hakikutengenezwa kubeba tani. Jaza kilo ambazo gari lako linaruhusiwa kubeba tu, nenda mara nyingi.